Mpango wa barabara za komini uanzie mlangoni: jinsi ya kuunganisha baiskeli, malori na reli Lubumbashi

Jina la Lubumbashi, mji wetu wa kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), limo ndani ya jina la ushoroba wa kimataifa: Walvis Bay–Ndola–Lubumbashi. Ushoroba mwingine, ule wa Kaskazini–Kusini, unatushusha hadi bandari ya Durban, na malori ya Dar es Salaam yanayovukia Tunduma nayo huishia kwetu. Lakini ukifungua mpango wa barabara wa komini moja, yaani mojawapo ya sehemu za utawala za mji, utakuta mitaa imechorwa vizuri mpaka kwenye mpaka wa komini, kisha karatasi nyeupe. Lori lenye ekseli saba halijui mpaka huo. Msukuma baiskeli wa makala (mkaa) aliyelala njiani haujui pia.

Mwongozo huu ni wa wale wanaokaa upande wa komini: afisa wa mipango, mkuu wa mtaa, mwanafunzi anayeandika kazi yake ya mwisho, kiongozi wa chama cha manseba (waendesha pikipiki za abiria) au cha wasukuma baiskeli. Msimamo wangu ni mmoja: usianze na mitaa ya ndani. Anza na pale watu na mizigo ya nje inapoingia, halafu rudi ndani.

Hatua ya kwanza: jua barabara ni ya nani

Kabla ya kuomba chochote, chukua ramani ya komini na kalamu za rangi. Barabara za kitaifa na zile kuu za jimbo ziko mikononi mwa Office des Routes. Barabara za mjini na mitaro yake ni kazi ya OVD. Njia za vijijini zinazoleta mahindi na mihogo zina ofisi yake, OVDA, iliyochukua nafasi ya DVDA. Zinazobaki, yaani vichochoro na mitaa midogo, ni za komini yenyewe, ambayo kwa sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ni chombo chenye madaraka yake, bajeti yake na baraza lake.

Kazi hii inachosha na haina sifa, lakini ndiyo inayoamua kama barua yako itajibiwa. Ukimwandikia meya kuhusu shimo lililoko kwenye RN1 (barabara ya kitaifa namba 1), barua itazunguka ofisi kwa ofisi hadi mvua inyeshe tena. Mwandikie mwenye barabara, na wengine wapelekee nakala.

Kuna vipande vitakavyokushinda kupaka rangi. Barabara moja inaingia mjini ikiwa ya kitaifa, inageuka avenyu katikati, inatoka tena ikiwa ya kitaifa. Mtaro unaanzia kwa huyu na kumwaga maji kwa yule. Vipande hivyo vipake nyekundu, kwa maana ndipo matengenezo yanapokwama: kila mmoja anadhani ni zamu ya mwenzake. Orodha ya vipande vyekundu ndiyo ajenda ya kikao chako cha kwanza, wala huhitaji kutafuta nyingine.

Hatua ya pili: chora malango

Lubumbashi ina malango machache, na kila lango lina tabia yake.

Lango la Likasi, kwenye RN1, linaleta mizigo ya migodi. Likasi iko umbali wa karibu kilomita 120, na mbele yake kuna Kolwezi. Tangu Katanga ya zamani igawanywe mwaka 2015, Kolwezi iko Lualaba nasi tuko Haut-Katanga, kwa hiyo lori la shaba linalopita mtaani kwako limeanza safari chini ya serikali nyingine ya jimbo. Mpango unaozungumza na jimbo moja tu umesikia nusu ya habari.

Lango la Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kusini, ndilo mlango wa Zambia. Shaba inatoka nchini kupitia huko. Mafuta, vyakula, mashine, salfa na tindikali vinaingilia huko. Foleni ikifunga Kasumbalesa, siku chache baadaye utaona malori yameegeshwa kandokando ya barabara mjini, na madereva wanatafuta pa kuoga na kula. Ukipanga maegesho bila kuangalia mpaka, umepanga kwa kubahatisha.

Lango la Kipushi ni fupi, karibu kilomita 30, na lina mchanganyiko wa kila kitu: wafanyakazi, mboga, mgodi, wachuuzi wa mpakani. Lango la Kasenga, kaskazini-mashariki, linaleta samaki wa Luapula na makala. Nitalirudia, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kubadilika kuliko yote.

Na kuna lango ambalo wachoraji wengi hulisahau: reli. Treni ilifika hapa mwaka 1910, mji ukiwa mchanga kabisa, na mpaka leo reli haivuki mpaka pale inapovuka barabara kuu. Barabara inapita Kasumbalesa. Reli inapita Sakania kuelekea Ndola. Mizigo inayohama kutoka lori kwenda treni inahama pia mpaka, na mtaa unaopita.

Kwa kila lango andika mambo matatu tu: nani anaingia, saa ngapi, na anaishia wapi. Hilo la tatu ndilo lenye thamani. Lori linalovuka mji bila kushusha kitu linahitaji njia ya kuukwepa mji. Lori linaloshusha unga ghalani katika komini ya Kampemba linahitaji geti pana na saa maalumu. Ukiyachanganya hayo mawili utaomba barabara ya mzunguko kwa tatizo la geti.

Hatua ya tatu: hesabu, ukianza kabla ya jogoo

Hesabu za kawaida huanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili jioni. Kwa Lubumbashi hilo ni kosa. Baiskeli za makala zinaingia giza likiwa bado halijatoka, ili mzigo uwahi wanunuzi wa asubuhi na jua lisimkute msukuma barabarani. Ukianza saa kumi na mbili, wamekwisha kupita, na karatasi yako itasema barabara ya Kasenga haina baiskeli. Anza saa kumi alfajiri.

Kwenye kila kituo weka watu wawili, kila mmoja na upande wake wa barabara. Karatasi iwe na safu hizi: mtembea kwa miguu, baiskeli tupu, baiskeli yenye mzigo, mkokoteni, manseba, gari dogo, taksi-basi, kisha malori kwa idadi ya ekseli kuanzia mbili hadi saba. Piga vijiti vitano vitano, funga ukurasa kila robo saa. Usiwaachie wahesabuji wakadirie mwishoni mwa saa. Mtu mwenye usingizi hukadiria kilichomvutia macho, na lori humvutia kuliko baiskeli.

Lori lililobeba na lori tupu ni magari mawili tofauti kwa barabara. Utayajuaje? Angalia ekseli iliyoinuliwa: trela tupu nyingi huning'iniza ekseli moja hewani ili kuokoa matairi. Angalia tairi za nyuma zinavyobonyea. Mhesabuji akifundishwa kwa nusu saa anaweza.

Hesabu mara mbili kwa mwaka. Mara moja katikati ya kiangazi, Julai au Agosti, vumbi likiwa juu na njia za porini zikipitika. Mara ya pili Januari au Februari, mvua ikiwa imeua njia za pembeni na kumsukuma kila mmoja kwenye lami. Hesabu ya kiangazi peke yake itakuambia baiskeli zina njia nyingi. Hesabu ya mvua itakuonyesha zote zimejibana kwenye ukingo uleule na malori.

Halafu uliza. Hapa kuna ujanja mdogo. Ukimsimamisha msukuma makala na kumwuliza "Unatoka wapi?", atakuona mtu wa ushuru na atakutajia mahali pa karibu. Msalimie kwanza: "Jambo baba, pole na kazi." Kisha: "Jana ulilala wapi?" Jibu la swali hilo ni la kweli karibu kila mara, maana halina kodi ndani yake. Na linakupa kitu ambacho ramani haina: vituo vya kulala, vya maji, na mlima ambapo wanangojana wasukumane mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya nne: pima baiskeli kama inavyokuja

Vitabu vya mipango vya ng'ambo hutoa mita 1.5 kama upana mdogo wa njia ya baiskeli ya upande mmoja. Kipimo hicho ni cha mtu aliyepanda baiskeli na begi mgongoni. Ya kwetu haipandwi. Inasukumwa, magunia yamening'inia pande zote mbili na mengine yamepangwa juu ya kiti, na mwenyewe anatembea kando akiwa ameshika usukani kwa mkono mmoja na mti uliofungwa nyuma kwa mkono mwingine. Kwa hiyo upana wa kupima ni magunia pamoja na mtu.

Chukua mita ya kupimia, simama na wasukuma mahali wanapopumzikia, omba ruhusa, pima baiskeli ishirini. Usichukue wastani, chukua ile pana iliyo ya kawaida. Ongeza robo mita kila upande kwa kuyumba. Hicho ndicho kipimo chako, na kwa sababu umekipima mwenyewe hakuna mhandisi atakayekipuuza kirahisi. Ukitaka wawili wapishane, zidisha.

Upana si kila kitu, na hapa ndipo miradi mingi ya baiskeli inapoharibika. Ukingo wa lami ukiwa umekatika na kuacha ngazi ya kiganja kimoja, baiskeli iliyobeba haiwezi kushuka bila kuanguka, wala kupanda tena. Msukuma anajua hivyo, kwa hiyo habanduki kwenye lami hata lori likipiga honi. Dereva anasema ni ukaidi. Ni ngazi. Kujaza ukingo kwa moramu iliyoshindiliwa, ikateremka taratibu kuelekea mtaroni, kunasaidia kuliko mstari mweupe uliopakwa kando ya lami iliyobomoka. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, jaza ukingo.

Mitaro nayo: vifuniko viwe na matundu yanayokata njia, yasifuate njia. Tundu refu linaloelekea mbele humeza tairi.

Kisha kuna suala la mwanga, na sijaona mpango wowote wa komini unaoligusa. Sisi tunaendesha kulia. Zambia, Tanzania na Afrika Kusini wanaendesha kushoto, na malori yao yana usukani wa kulia. Taa za gari la namna hiyo zimeelekezwa zimulike zaidi ukingo wa kushoto. Likiingia kwetu, zinamwelekea anayekuja mbele na kumpofua, na ukingo wa kulia, ambako baiskeli iko, unabaki gizani. Mchana hali ni tofauti kidogo: dereva ameketi upande wa ukingo, baiskeli anaiona vizuri, lakini upande wake usioonekana ni wa katikati ya barabara, palepale manseba anapopenda kupenya. Kwa hiyo usiku hatari ni ya baiskeli, mchana ni ya pikipiki. Dawa ya usiku ni ya bei ndogo: kipande cha utepe unaorudisha mwanga, kishonwe kwenye gunia la nyuma na kingine kwenye ule mti. Chama cha wasukuma kinaweza kuugawa pale pale wanapolala.

Hatua ya tano: malori, uzito wake na pa kulala

Katika nchi za COMESA na SADC, jumuiya za kiuchumi za mashariki na kusini mwa Afrika, kipimo kinachojulikana ni tani 56 kwa lori zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Kwa nini ekseli ina maana kuliko jumla? Kwa sababu uharibifu wa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 13 badala ya 10 haiharibu zaidi kwa theluthi moja. Inaharibu karibu mara tatu, kwa kuwa 1.3 × 1.3 × 1.3 × 1.3 ni karibu 2.86. Hesabu hii ilete kikaoni imeandikwa kwa herufi kubwa. Baiskeli, hata ikiwa na magunia mangapi, haiharibu lami kwa kiasi chochote kinachopimika, na ndiyo inayoambiwa ishuke barabarani.

Mizani ikiwa nje ya mji pekee, malori mazito yatatafuta njia ya kuizunguka, na njia hiyo ni mtaa wa mtu. Muulize mkuu wa mtaa: anajua. Kwa hiyo unapopendekeza mizani au peaji (kituo cha kulipia barabara) mpya, chora pia njia zote za kuikwepa na useme utazifungaje: nguzo za kuzuia urefu, mawe makubwa, au daraja dogo lenye kibao cha uzito.

Usipige marufuku malori kupita saa fulani kabla ya kuwa na mahali pa kuyaweka saa hizo. Marufuku bila maegesho huhamisha foleni kutoka avenyu kwenda kando ya shule. Tafuta kwanza kiwanja karibu na lango, kabla ya mji kuanza, chenye maji, vyoo, taa, mama wanaouza bugali, na mlinzi. Dereva atakitumia kwa hiari kama kinalipa kuliko kulala kando ya barabara. Ndipo saa za zuio zitashika. Nami ningezianza na alfajiri, wakati wa makala, kabla ya saa za shule.

Tindikali na mizigo mingine ya hatari ipewe ukurasa wake. Andika njia moja tu inayoruhusiwa, na kagua inapita karibu na nini: visima, soko, mto. Kafubu na vijito vyake vinanywesha bustani nyingi. Lori la tindikali likipinduka, watu hukimbilia kusaidia bila kujua kilichomo, kwa hiyo wakuu wa mitaa ya njia hiyo wafundishwe alama za tangi na namba ya nani ipigwe. Hilo halihitaji bajeti ya ujenzi hata kidogo.

Kwenye kona na mizunguko fanya jaribio la chokaa. Mwaga chokaa kwenye ukingo wa ndani wa kona, subiri trela refu lipite, angalia tairi za nyuma zimekata wapi. Trela haifuati kichwa chake. Hukata kona kwa ndani, na pale ilipofuta chokaa ndipo watu wanasimama kungoja taksi-basi. Piga picha. Picha hiyo inahamisha kituo cha taksi-basi haraka kuliko ripoti ya kurasa arobaini.

Hatua ya sita: reli

Upana wa njia ya SNCC, shirika letu la reli la taifa, ni milimita 1,067, sawa na wa Zambia, wa TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), na wa njia ya Benguela iendayo bandari ya Lobito, Angola. Behewa linaweza kutoka hapa hadi bahari mbili tofauti bila kubadilisha magurudumu. Kwa mpangaji wa komini maana yake ni hii: usiruhusu viwanja vilivyo kando ya reli vijengwe ovyo, hata kama treni mtaani kwako ni adimu. Mahali pa kushushia mizigo pakiliwa na nyumba hapatarudi.

Kwenye kila kivuko cha reli angalia pembe. Baiskeli yenye mzigo ikikata reli kwa mshazari, tairi huingia kwenye pengo la pembeni mwa chuma na mzigo wote hulala. Njia ya kando iikate reli kwa pembe ya mraba, hata kama italazimu kupinda kidogo kabla ya kuvuka, na pengo lijazwe kwa mbao au zege mpaka nafasi ya gurudumu la treni tu ibaki. SNCC ndio wenye kivuko. Usimwage zege bila wao.

Hatua ya saba: kikao

Waite wachache. Office des Routes, OVD, SNCC, mtu wa wizara ya jimbo, polisi wa barabara, ofisi za komini jirani ambazo barabara hizo hizo zinapita, chama cha wenye malori, manseba, wasukuma baiskeli. Wale wa mwisho hawatakuja ukiwaita saa nne asubuhi ofisini, maana wakati huo wanauza. Nenda kwao jioni kabla ya kikao, beba maneno yao, na umwombe mmoja wao aje, umlipe siku yake.

Usifungue na hotuba kuhusu maendeleo. Tandika ramani yenye vipande vyekundu, kila mtu aweke kidole kwenye kilicho chake. Kisicho na kidole kiandikwe jina la atakayekifuatilia na tarehe. Mkitoka na vipande vitatu vilivyopata mwenyewe, kikao kimelipa.

Hatua ya nane: andika mipango miwili

Njia za mizigo zinahama. Reli ya Lobito ilipewa kampuni ya ubia mwaka 2022, na shehena ya Kolwezi ikizidi kuelekea magharibi kupitia Dilolo, mpakani na Angola, malori ya RN1 yanayopita kwetu yanaweza kupungua, huku yale ya kuingiza bidhaa yakibaki. Upande wa pili, mradi wa barabara ya Kasomeno kwenda Mwenda, Zambia, wenye daraja juu ya Luapula, unakusudia kufupisha safari ya Dar es Salaam. Ukikamilika, malori mazito yatatokea barabara ya Kasenga, ileile ya makala na samaki.

Kwa hiyo andika mpango A, mambo yakibaki yalivyo, na mpango B, Kasenga ikigeuka njia kuu ya malori. Kisha tafuta kazi zilizomo katika yote mawili: kujaza kingo, kutenga kiwanja cha maegesho, kurekebisha vivuko, kulinda hifadhi ya barabara isijengwe. Hizo zifanye mwaka huu. Upande wa Kasenga hifadhi ya barabara ndiyo ya haraka zaidi, kwa sababu viwanja vinauzwa kila wiki na kubomoa baadaye kutagharimu fedha na amani.

Hatua ya tisa: ombi la fedha

Matengenezo ya barabara kuu yana mfuko, FONER, unaolishwa na tozo la mafuta na peaji. Komini haiombi huko moja kwa moja kwa barua ya malalamiko. Inapitia mwenye barabara, kazi iingie katika programu yake ya mwaka. Uliza mapema programu hiyo inafungwa lini, na upeleke kurasa zako kabla. Bajeti ya jimbo nayo ina msimu wake wa kujadiliwa bungeni.

Ombi lisizidi kurasa nne: ramani yenye rangi, jedwali la hesabu za kiangazi na mvua zikiwa bega kwa bega, picha ya chokaa, na orodha ya kazi, kila kazi na mwenye barabara wake. Gharama ziandikwe kwa mita, ili aliye na fedha nusu aweze kufanya nusu. Na weka kifungu kimoja kinachosema nani atafyeka majani na kuzibua mtaro baada ya kazi kuisha, kila mwaka, kabla ya mvua za Novemba.